Dhadi ya Dhirar

Nilipanga kila kitu kwenye daftari: ndege ya Ijumaa asubuhi kutoka Amman, gari la kukodi Trabzon, kisha saa mbili za kona za milimani mpaka kwa mama mdogo Nawal, aliyeolewa huko Uturuki. Mama hajamwona mdogo wake huyo miaka kumi na tisa, na sasa mdogo mtu hainuki kitandani. Goti la mama halivumilii safari ya basi. Bila gari, hakuna safari.

Alhamisi saa nne asubuhi wenye gari wakaniandikia: jina lililo kwenye kibali chako cha kimataifa cha udereva silo la pasipoti. Gari hatutoi.

Nikavilaza vyote viwili mezani. Pasipoti: Derar. Kibali: Dhirar.

Mke wangu, Sawsan, akachungulia. "Nani kaandika hivi?"

Wiki iliyopita karani wa vibali aliniuliza jina langu aliandikeje kwa herufi za kizungu. Nami, niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi, nikamweleza kwamba D tupu inaiua dhadi yetu, ile herufi nzito ya Kiarabu inayoanza jina langu. Nikamtajia herufi moja moja.

"Mimi," nikasema.

"Hongera, mwalimu."

Tukaenda ofisi ya vibali, tukamkuta karani yuleyule.

"Abu Yazan!" akaniita kwa jina la mwanangu. "Derar, Dhirar, si wewe huyohuyo?"

"Kamwambie Mturuki."

"Kwa Kiarabu ni sawasawa kabisa."

"Hasomi Kiarabu."

"Basi kosa lake." Akacheka, akaona sicheki. "Ndugu yangu, kibali kimeshasajiliwa. Kukifuta kunataka barua ya makao makuu. Kesho na Jumamosi ofisi zimefungwa. Rudi Jumapili."

"Tunasafiri kesho."

"Mungu atafungua njia."

"Njia ipo! Kinachokosekana ni karatasi!"

Nilimweleza tena, polepole, mara tatu. Mara ya nne nilipiga meza. Sawsan akanishika kiwiko.

"Kaka," akamwambia karani, "hivyo vibali ni vya wanaume tu?"

"Hapana, dada. Leseni, pasipoti, picha mbili."

Sawsan ana leseni mwaka wa kumi na mbili. Kila asubuhi huwapeleka watoto shule. Lakini mimi nikiwa garini, usukani huwa wangu. Sikumbuki tulikubaliana lini.

"Jina niandikeje?" karani akauliza.

"Nakili pasipoti. Na usimuulize mtu."

Ilichukua nusu saa. Tukawatumia wenye gari picha ya kibali chake, wakajibu kwa neno moja: sawa.

Nyumbani mama alikuwa akifunga mitungi ya biringanya zilizolowekwa mafutani, zawadi ya mdogo wake. "Haya, nani anaendesha?"

"Mimi, mama," Sawsan akasema.

"Alhamdulillahi. Nitakaa mbele."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe nyuma, mwanangu. Ishikilie mitungi."

Nikafungua daftari, nikalifuta jina langu penye neno "dereva". Nilikuwa nimeliandika kwa Kiarabu, bila kosa lolote.