Siku Niliyokataa Kumwita Daniluz

Sili tena tikitimaji. Mke wangu Luz hulikata vizuri, akapanga vipande kwenye sahani na kunisogezea kwa makusudi, nami huangalia pembeni. Wanafunzi wangu wakijua mwalimu wao wa sayansi anaogopa tunda, watanicheka mpaka nihame kijiji. Wacha wacheke.

Ilikuwa Aprili, likizo ndefu ya miezi ya joto, mabati yanalia juu ya kichwa na hata mbwa hawana nguvu ya kubweka. Luz alikuwa kazini mjini Iloilo, akirudi Jumamosi tu, kwa hiyo kutwa tulikuwa mimi na binti yetu wa miaka minne. Mimi ni Danilo, mama yake ni Luz, basi yeye tukamwita Daniluz. Nyumbani ni Dalu. Asubuhi namchana nywele, anapiga mayowe majirani wanachungulia. Saa nne anadai barafu ya embe, ile ya kwenye kimfuko cha plastiki, anang'ata pembe na kufyonza, nusu inaingia tumboni na nusu inaishia kifuani. Mchana hataki kulala hata umbembeleze vipi. Saa tisa tunapanda pikipiki yangu yenye kigari cha ubavuni, haooo mtoni. Nasema kweli, sijawahi kuwa na raha kama ile.

Kero yangu ilikuwa moja: mama yangu, Lola Pasing, yaani Bibi Pasing. Kwetu mtoto haondoki mtoni hivi hivi tu. Lazima mkubwa amwite kwa jina lake kamili, naye aitikie, la sivyo wale wasioonekana wanaokaa pale watabaki na roho yake, na mtoto ataugua homa. Mama alifuatana nasi kila siku na kuita kwa sauti ya mnadani, watu wote wakisikia. Dalu alipenda kuitwa kuliko hata kuogelea. Akiona tunakusanya vyombo, anakwenda kukaa nyuma ya jiwe kubwa, kimya, anangoja.

"Daniluz! Twende nyumbani! Usibaki!"

Ndipo kichwa kinachomoza. "Najaaa!"

Usiku wa Jumatano nikamwambia mama, "Mtoto ana masikio. Akiambiwa twende, anakuja. Hizo roho zako zinamtia woga bure."

"Wewe niliyekuita mpaka ukaota ndevu, leo roho zimekuwa zangu?"

"Mama, mimi nafundisha sayansi."

"Fundisha. Ukifika mtoni, ita."

Alhamisi goti lake likavimba, akabaki nyumbani. Tulipokuwa tunawasha pikipiki alipiga kelele kutoka barazani, akiniita kwa ufupi kama kawaida yake, "Noy, usisahau kumwita!" Nikamjibu sisahau. Na kweli sikusahau. Nilishaamua kwamba siku hiyo sitaita mtu, nimrudishe mtoto mzima wa afya, tuone mama atasema nini. Nilijiona mjanja sana.

Tulibeba tikitimaji tulipoze majini. Dalu akaligeuza mwanawe. Alilisugua mgongo, akaligombeza, "Usimeze maji, wewe! Nitakusemea kwa Lola!" Mimi nilikuwa nachoma samaki, nikicheka peke yangu. Baadaye nikamwona anamkausha mwanawe kwa taulo lake la waridi, anamfunika, anambembeleza alale. Sikuangalia alimlaza wapi.

Kisha radi ikanguruma mbali, upande wa milimani. Nikaanza kukusanya sufuria haraka haraka.

"Dalu, haya, panda!" nilisema, bila hata kuinua kichwa.

Niliporudi kwenye kigari na sufuria mikononi, nikaona taulo la waridi kwenye kiti na umbo la duara chini yake. Kila siku akitoka majini hujikunja hapo na kulala kabla sijawasha injini. Nikampapasa kichwa. Nikaondoka.

Njia nzima, kilomita nne, nilikuwa naongea nalo. "Leo tumemweza Lola, eh? Hakuna kuitwa, hakuna homa." Nikipita penye mashimo nilipunguza mwendo nisimwamshe.

Mama alikuwa barazani, goti amelifunga majani. "Umemwita?"

"Sijamwita. Na huyu hapa, yeye na roho yake, wamelala fofofo."

Nikavuta taulo.

Tikitimaji.

Nilibaki nimeshika taulo hewani. Unajua nilifanya nini? Nililigeuza. Niligeuza lile tikitimaji, kana kwamba mwanangu angekuwa upande wa pili. Halafu nikainama chini ya kiti, mahali ambapo hata kuku haenei.

"Noy," mama alisema taratibu, "mtoto yuko wapi?"

"Mtoni."

Alikuwa ameshaingia kwenye kigari, na goti lake vilevile, kabla sijageuza pikipiki. Njia nzima hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Kwetu hakukudondoka hata tone, lakini juu ya milima kulikuwa kweusi tii, nami nafundisha watoto wa watu kila mwaka kwamba mvua ya mlimani hushuka bila kubisha hodi.

Mto niliouacha ukinifika vifundoni ulikuwa umegeuka tope, unabeba matawi. Mahali nilipochomea samaki palikuwa maji. Jiwe kubwa lilikuwa limezungukwa pande zote.

"Dalu! Dalu!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Hakuna kitu. Maji tu.

Mama akanivuta shati. "Si hivyo! Mwite!"

Nikavuta pumzi. "Daniluz! Twende nyumbani! Usibaki!"

"Naja!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa jiwe, ndogo, yenye hasira kidogo. Sikumbuki nilivyoingia majini. Nakumbuka maji kiunoni, tawi likinipiga mbavu, na yeye kajikunyata juu ya jiwe, ameshika kandambili zake zisichukuliwe.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. "Kwa nini hukunikimbilia? Si nilikwambia panda?"

"Hujaniita, Tatay."

"Na maji yalipokuja?"

"Nilitaka kukimbia. Lakini roho yangu ilikuwa haijaitwa. Nikakaa nayo, isiogope."

Nilimvusha, nikamkabidhi kwa mama ukingoni. Nilitakiwa kupiga hatua mbili tu nitoke. Sikuweza. Miguu iliisha nguvu, nikasimama na maji magotini, nikitazama pale palipokuwa na moto wangu. Mtoto alikuwa ameshatoka mikononi mwangu, lakini mikono ilikuwa bado imekunjwa kama nimembeba. Nilikuwa natetemeka kwenye joto la Aprili.

Mama alimfunga Dalu taulo la waridi, akamketisha kwenye kigari. Kisha akageuka kunitazama. Tangu nioe hajawahi kuniita chochote ila Noy.

"Danilo!" aliita, kwa ile sauti ya mnadani. "Twende nyumbani! Usibaki!"

Nikageuza kichwa kumtazama.

"Tatay," Dalu alisema kutoka ndani ya taulo, "itikia."

"Naja," nikasema. Na miguu ikatembea.