Picha ya Kichwa cha Bwana Harusi

"Mimi simtoi binti yangu kwa kichwa nisichojua ndani kuna nini."

"Mama, si kimeshapigwa picha? Hiyo hapo mezani, karibu na keki ya basbusa."

"Nimeiona. Daktari kaandika ubongo wa kawaida. Kawaida ya nani, baba? Baba yake Rihab naye alikuwa na ubongo wa kawaida, na huohuo ukaenda kuoa mke wa pili kule Tanta."

Ilibaki wiki moja Shadi afunge ndoa na Rihab, na hapa alikuwa mtaani Shubra, Ijumaa mchana, amekaa ukingoni mwa kochi la wageni mbele ya mama mkwe wake, Bi Inas. Mama huyu alishaulizia habari zake kote, kama wanavyofanya wenye binti. Kinyozi kaulizwa, mwenye duka kaulizwa, bawabu wa jengo lao kaulizwa mara mbili. Shadi alipita kote. Halafu Jumanne Bi Inas akafungua simu yake, akakuta habari: *Wanasayansi wagundua kipande cha ubongo kinachowafanya wanaume wawasaliti wake zao.* Chini yake ubongo wenye doa jekundu kubwa kama nyanya. Na chini ya nyanya, jina la mwandishi: Shadi Gabr. Ikawa amri: kichwa hicho kikapigwe picha hospitali kwanza.

Aliiandika kwa dakika ishirini, mkono mmoja unachovya mkate kwenye maharage. Utafiti wenyewe ulikuwa wa panya kumi na wanne na milango miwili ya chakula, kuona ni panya gani atahama mlango. Aliyeufanya, Daktari Lubna, alimweleza kwa simu kwamba kichwani mna mabilioni ya seli, kila moja inapiga soga na maelfu ya wenzake, na kwamba miaka sita imemfundisha kidogo sana kuhusu panya na hakuna lolote kuhusu waume za watu. Shadi akamshukuru sana, akakata simu, akaandika "wanaume". Nani asome habari za panya?

Bi Inas aliinua picha, akaielekeza dirishani.

"Haya, wewe ndiye uliyeandika. Nionyeshe doa liko wapi."

"Haliwezi kuonekana hivi hivi, mama."

"Kwenye simu lilionekana."

Pale ndipo Rihab aliposogeza glasi yake ya chai. Alikuwa amekaa kando ya mama yake tangu mwanzo.

"Shadi, nimempigia huyo Daktari Lubna uliyemtaja kwenye habari yako."

"Umempigia?"

"Amecheka, halafu akakasirika. Sasa nataka nikusikie wewe. Ile habari ni ya kweli, au umeipika?"

"Akisema ya kweli, arudi hospitali wakamtafutie doa," Bi Inas akadakia. "Akisema kaipika, basi jibu tumeshalipata bila picha."

"Mama, tulia. Akisema kaipika, mimi naolewa naye. Muongo anayekubali naweza kuishi naye." Akamgeukia Shadi. "Neno moja tu. Sema: nimeipika."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Mara simu ikatetemeka pajani, naye, mjinga, akaichungulia. Mhariri wake. *Imesomwa na watu milioni mbili. Tunataka ya pili, ya wanawake.*

Milioni mbili. Kifua kikamjaa. Watu milioni mbili wamesoma jina lake, halafu akubali kwamba ilikuwa panya?

"Unajua, Rihab," akasema, na sauti ikamtoka ileile ya kazini, "wataalamu wanaona upo uwezekano mkubwa..."

"Wataalamu gani?"

"Wataalamu. Ila utafiti zaidi unahitajika."

Bi Inas aliacha kutafuna basbusa yake. Rihab akamtazama mchumba wake kuanzia kwenye nywele hadi viatu, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani kabla ya kukirudisha. Akaichukua picha mkononi mwa mama yake, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya bahasha yake, akamwekea Shadi mapajani juu ya simu iliyokuwa bado inatetemeka.

"Basi nenda kaufanye huo utafiti," akasema. "Panya hawana haraka ya kuolewa."

Akabeba glasi yake ya chai, akageuka, akaenda zake jikoni.