Kikohozi Kilichoandikwa

Jumanne moja, saa tisa na dakika kumi alasiri, Netta McCusker alisimama kwenye lango la shule ya msingi huku mvua ikimpiga ubavuni, akahesabu watoto wake: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akaliinamia lisilowe, akaandika saa. Kisha akawafunga zipu wale walioacha makoti wazi, wakaanza kupanda kilima.

Netta alikuwa mlezi wa watoto baada ya shule, mwenye leseni, hapo mjini Greenock, na alikuwa na miaka hamsini na minane. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kompyuta kilichokuwa bondeni. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kifaa kilichotoka na kasoro: namba yake, saa, kasoro gani. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliondoka na saa ya ukutani ya kuagwa. Yeye aliondoka na saa na tabia. Sisi husema mali bila daftari hupotea bila habari. Netta hakuijua methali hiyo, lakini aliishi nayo, na kwake mtoto alikuwa zaidi ya mali.

Walezi wengine waliandika: amefika, amekula, amekwenda. Netta aliandika hivi: "Struan Geddes, miaka kumi. Amefika 9:28. Amekula mkate na jibini, vipande viwili. Maganda ya mkate ameyaficha chini ya sahani. Hesabu: amekosa mbili, anasema aliyekosea ni mwalimu. Goti la kushoto lina mchubuko aliokuja nao kutoka shuleni." Jioni wazazi walisoma na kutia saini. Baba yake Struan, dereva wa lori aliyelala nyumbani siku mbili kwa wiki, aliwahi kukaa kwenye ngazi za Netta akasoma mwezi mzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza alipangusa macho, akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumapili.

Kurasa ndefu kuliko zote zilikuwa za Mirren Docherty. Mirren alikuwa na miaka minane na alikuwa na pumu. Aliishi na mama yake, Lorna, ghorofa ya tatu katika majengo ya Ardnish, ambayo ni mali ya shirika moja la nyumba. Ukuta wa chumba walicholala ulikuwa mweusi kwa kuvu tangu sakafuni hadi dirishani. Lorna aliusugua kila Jumamosi kwa dawa, na kila Alhamisi ulikuwa mweusi tena. Netta hakuwa na la kufanya kuhusu ukuta, basi aliandika kikohozi. Saa, mara ngapi, kikavu au cha makohozi, kimefuata nini. Inhela ya bluu, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo: mivuto miwili, nani aliitoa, nani alishuhudia. Hakuandika kwa kukisia. Kama alikuwa chooni na hakusikia vizuri, aliandika: "Nilikuwa chooni. Nadhani mara nne. Struan anasema tano."

Wiki ya pili ya Novemba, Netta akikoroga supu ya dengu, droo ya jikoni ilikohoa.

Alipunguza moto, akafungua droo. Mlikuwa na vijiko, kamba, betri kuukuu na daftari. Daftari likakohoa tena, mara tatu, kikohozi kikavu chenye kifilimbi mwishoni.

"Shangazi Netta, hicho changu," Mirren alisema kutoka mezani, penseli ikiwa mdomoni. "Cha jana."

Netta akafungua ukurasa wa jana. Kweli: saa kumi na dakika tano, mara tatu, kikavu. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Akageuza ukurasa, akaandika: "10:05. Daftari limekohoa mara tatu. Mirren hajakohoa bado."

"Umeliambukiza daftari!" Struan akacheka. "Sasa nalo litapewa ruhusa ya kutocheza mpira."

"Afadhali kurasa zangu zinakohoa," Mirren akamjibu. "Zako zikifunguliwa zinanuka soksi."

"Basi, basi. Struan, dengu haziliwi kwa kutazamwa," Netta alisema, akaendelea kugawa.

Kufikia Krismasi daftari lilikuwa linakohoa kila kikohozi kilichoandikwa humo, kila kimoja kwa saa yake. Watoto walizoea. Aliyekuwa akisoma kwa sauti alinyamaza kidogo, likamaliza, akaendelea na sentensi. Kisha kurasa za Mirren zikaanza kulowa. Droo ilikuwa kavu, jirani ya jiko, na kurasa za watoto wengine zilikuwa ngumu kama mkate wa kuchoma. Za Mirren peke yake ziliteleza kwa maji, na pembeni zikaota madoa meusi. Netta aliyapima madoa kwa rula, akaandika ukubwa wake.

Januari akaja Bi. Aitken, mkaguzi wa walezi. Alivua buti mlangoni, akakaa kwenye kochi na daftari mapajani, akasoma saa nzima. Daftari lilipokohoa alilipigapiga mgongoni kama afanyavyo mtu na mtoto mchanga.

"Mama yake Mirren ameridhia kikohozi kitunzwe humu?" aliuliza.

Netta akamwonyesha saini.

Bi. Aitken alivua miwani. "Bi. McCusker, nina miaka ishirini na miwili nakagua madaftari. Nimeona mazuri. Sijaona mtu anayewatazama watoto hivi." Akaandika alama ya juu kabisa aliyoruhusiwa kuandika, akaisisitiza kwa mstari. Kisha akagusa ukurasa wa Mirren kwa ncha ya kidole. "Ila hapa pana unyevu. Nyaraka za watoto haziruhusiwi kukaa penye unyevu. Ni kanuni."

"Unyevu hautoki kwangu. Unatoka Ardnish, ghorofa ya tatu."

"Naona." Akarudisha miwani usoni. "Mimi nakagua daftari, mama. Kuta zina watu wake."

Wenye kuta walikuwa na ofisi karibu na kituo cha treni. Netta na Lorna walikwenda Ijumaa, Lorna akiwa bado na sare ya kazi, kwa kuwa alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee alikohudumu. Aliyewapokea ni Bwana Lamont, mtu mpole mwenye sweta aliyofumiwa na dada yake. Alikuwa ameshafika Ardnish mara mbili. Mara zote mbili aliweka kipimo chake ukutani, kikasoma asilimia tisini na moja, na mara zote mbili aliandika kwamba chanzo ni wakaaji.

"Mama Mirren, tulishaongea," alisema. "Mnaanika nguo ndani. Mnachemsha maji. Usiku mnapumua, watu wawili chumba kimoja, na pumzi ni maji. Fungueni madirisha."

"Januari?" Lorna aliuliza.

"Hata Januari."

"Tupumue kwa zamu, labda. Mimi nivute, yeye atoe."

Bwana Lamont aliandika kitu. Huenda ni hilo.

Netta akaliweka daftari mezani. "Lisikilize," alisema.

Saa saba na dakika arobaini likakohoa. Kilikuwa kikohozi cha tarehe tatu Desemba, siku ambayo Mirren hakwenda shule na Netta alimchukua mapema. Kikohozi kirefu, kile kinachomfanya mtoto ashike ukingo wa meza. Lorna aligeuza uso dirishani. Bwana Lamont alisikiliza hadi mwisho. Alitoa kipimo chake mfukoni, akakibana kati ya kurasa mbili, akasubiri taa yake iwake.

"Tisini na moja," alisema. Na kweli alihuzunika. "Daftari hili linaumwa."

"Ndicho tunachokuambia," Lorna alisema.

"Haliwezi kukaa hivi." Alishusha kitabu cha taratibu kutoka kabatini, akapekua, akasoma kwa kidole. Waraka wowote unaohusu nyumba za shirika, ukikutwa kwenye hatari ya unyevu, uhamishiwe mahali pakavu ndani ya saa ishirini na nne. Hapakuwa na foleni. Alipiga simu moja tu. Nusu saa baadaye daftari lilikuwa na chumba: chumba cha nyaraka, ghorofa ya chini, chenye zulia, hita mbili, na mashine ya kukausha hewa inayonguruma kama paka. Waliligonga muhuri wa kutotolewa nje, wakaliweka juu ya rafu ya mbao, likiwa limefunguliwa ili lipate hewa.

Lorna alisimama kizingitini akihisi lile joto usoni.

"Na sisi?" aliuliza.

"Nyinyi mko kwenye foleni, mama. Ni wa mia nne na kumi na mbili."

Lorna hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya koti, akakosea kimoja, akafungua vyote, akaanza upya.

Netta alirudi nyumbani, akachemsha chai, akakaa na kanuni za walezi, kurasa sitini na nne ambazo walezi wenzake walikuwa wanazitumia kuwekea vikombe. Alizisoma kama alivyokuwa akisoma michoro ya kiwandani, akitafuta kasoro. Aliipata ukurasa wa thelathini na nane, akampigia Bi. Aitken.

"Nisomee mwenyewe nisije nikawa nimeelewa vibaya," alisema. "Daftari la mahudhurio liwe wapi saa za kazi?"

"Mahali walipo watoto," Bi. Aitken alisema. "Muda wote. Hilo halina mjadala."

"Na daftari langu haliruhusiwi kutoka pale lilipo."

Kwenye simu karatasi zikasikika zikipekuliwa. Kisha Bi. Aitken, ambaye hakuwa mtu wa kucheka kazini, alicheka. "Basi hata watoto watakuwa pale lilipo," alisema. "Nitakuandikia barua. Nitaigonga muhuri mara mbili."

Jumatatu iliyofuata, saa tisa na nusu, Netta aliingia ofisi za shirika la nyumba na watoto wanne waliolowa, sufuria ya supu iliyofungwa kwa taulo, na barua. Bwana Lamont aliisoma barua mara mbili. Akatafuta kwenye kitabu chake mahali panapokataza. Hapakuwapo. Akawafungulia mlango.

Waliweka meza katikati ya rafu. Watoto walifanya hesabu zao pale, wakala supu pale, wakagombana kwa sauti ya chini pale. Struan aligundua kwamba ukilala kwenye zulia karibu na ile mashine unaweza kukausha soksi bila kuzivua. Mirren alikaa jirani ya daftari. Siku ya kwanza alikohoa mara sita, ya pili mara mbili, na Alhamisi Netta aliandika neno ambalo hakuwahi kuliandika kwenye kurasa hizo: "Hajakohoa." Alilitazama kidogo, akalipulizia wino ukauke, ingawa hakukuwa na haja.

Wafanyakazi wa shirika walianza kupita mlangoni kuangalia. Mmoja alileta biskuti. Mwingine, mhasibu, alimwomba Netta amwonyeshe jinsi anavyoandika, akaondoka akisema hajawahi kufikiria kwamba siku moja ya mtoto ina mambo mengi hivyo. Hata Bwana Lamont alileta kiti chake, akakaa na chai, akamsikiliza Mirren akisoma.

Kufikia mwisho wa Februari daftari lilikuwa limepona. Kurasa zilikauka, madoa yakafifia hadi yakaonekana kama alama za penseli, na vikohozi vya zamani vikabaki maandishi tu.

Machi, Jumapili alfajiri, Lorna alimbeba Mirren ngazi zote tatu hadi kwenye gari la wagonjwa. Alilazwa siku nne. Netta aliandika kila siku: "Hayupo. Hospitali." Lorna alipokwenda kuuliza, Bwana Lamont alimsogezea kiti, akaangalia kwenye kompyuta. Walikuwa wamesogea. Sasa walikuwa wa mia nne na tisa.

Mirren alirudi amekonda, na utepe wa plastiki wa hospitali bado mkononi kwa kuwa aliupenda. Alikaa mahali pake karibu na rafu, akamtazama Bwana Lamont akigonga muhuri faili mpya zilizoletwa chumbani.

"Ukishagonga hiyo, kitu hakitoki?" aliuliza.

"Hakitoki, kipenzi. Kinakuwa cha chumba hiki."

Mirren akanyoosha mkono mezani, kiganja juu. "Nigonge."

Bwana Lamont akaushikilia muhuri hewani. Hakulicheka ombi hilo. Aliuweka chini, akafungua kitabu cha taratibu, akasoma ufafanuzi wa neno waraka, kisha wa neno kumbukumbu, kisha kiambatisho. Alipiga simu makao makuu, akaeleza, akasubiri, akaeleza tena kwa mtu mwingine. Netta aliandika muda wa simu: dakika kumi na moja.

"Wanasema ni karatasi tu," alisema hatimaye. "Nimeuliza mara mbili."

"Sawa," Mirren alisema, akarudisha mkono.

"Ningeruhusiwa ningekugonga, ujue hivyo."

"Najua."

Saa kumi na mbili na dakika nne Lorna aliingia na mwavuli. Alisoma ukurasa wa siku hiyo hadi mstari wa mwisho, akatia saini, akamkumbatia Netta kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili ulikuwa na begi la shule. Alimfunga Mirren zipu hadi kidevuni. Watoto wengine walishachukuliwa. Netta aliandika, "Ameondoka na mama yake, anapumua vizuri," akasimama mlangoni na daftari mkononi, akawatazama wakipanda kilima kuelekea Ardnish, hadi asiweze tena kutofautisha mwavuli wao na mingine.

Akalirudisha daftari kwenye rafu. Bwana Lamont akasoma kipimo: asilimia arobaini na tano. Akaacha hita zikiwaka kwa ajili ya daftari, akazima taa, akafunga mlango kwa funguo mbili.