Injini Haifunguliwi Mara Mbili

Dobi wa hospitali alikuwa akitafuta viatu chini ya kitanda, na kama kawaida mkono wake ukakuta boksi la turbo. Mumewe, karani wa mahakama, alilinunua mwaka uliopita, pamoja na pistoni zilizokaa katikati ya nguo za mkewe kabatini na plagi zilizokaa kwenye mkebe wa sukari. Vyote vilikuwa vya kuipa nguvu injini ya gari lao, lililosimama uani juu ya matofali. Vilinunuliwa mapema ili siku ya kuvifunga isikute kitu kimepungua.

Siku hiyo haikufika. Kwanza ilikuwa mvua, kisha jua likawa kali mno, kisha ikabainika kuna springi fulani bado iko njiani, na lazima vyote vifungwe pamoja.

"Injini haifunguliwi mara mbili," alisema Karani.

"Hii haijafunguliwa hata mara moja. Uliniahidi utanipeleka kazini, baba. Kile kilima kinanimaliza magoti."

"Shauri limeahirishwa, mama. Litatajwa tena."

Alisema kwa upole uleule aliotumia kwa watu waliotoka mbali kufika mahakamani.

Asubuhi hii boksi lilikuwa jepesi. Dobi alilifungua akakuta sponji tupu yenye shimo la umbo la turbo. Alipoinuka, kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, na alipovuta pumzi mluzi ukapanda. Akavaa viatu akaenda. Kilima alikipanda bila kuhema, akilipita basi upande wa kulia kama inavyotakiwa. Alimaliza mashuka ya wodi nzima kabla wenzake hawajafunga vitambaa vya kichwa. Msimamizi alimsifu, akamwongezea wodi ya pili.

Pistoni zikafuata kutoka kabatini, kisha plagi. Karani aligundua plagi hazipo alipokuwa akijitilia sukari, lakini chai ilikuwa imechemka haraka mno hata hakuona sababu ya kulalamika. Jioni alirudi na furushi la nguo.

"Mama anakusalimu," alisema, akilitua miguuni pa mkewe. "Anasema hizi nyeupe usizichanganye."

Wiki iliyofuata mawifi nao wakamsalimu.

Tatizo lilikuwa kupumzika. Dobi akijilaza, mwili ulinguruma taratibu, kitanda kikatetemeka na shuka likanuka chuma cha moto. Karani akahamia kwenye kochi. Hatimaye Dobi mwenyewe alimwita fundi wa magari.

Fundi aliweka ncha ya bisibisi kwenye bega la Dobi na mpini sikioni, kama wafanyavyo mafundi, akasikiliza.

"Vimekaa vizuri, shemeji. Aliyevifunga anajua kazi."

"Hakuna aliyevifunga. Nataka vitoke."

"Vitatoka. Ila injini lazima ipoe kwanza. Siku moja nzima umelala, hugusi kitu."

"Siku nzima?" Karani aliuliza kutoka kwenye kochi. "Na nguo za mama?"

"Si utafua wewe, bosi!" Fundi akacheka sana. Karani naye akacheka. Dobi aliwasubiri wamalize.

"Hilo tuliahirishe," alisema Karani.

Springi ilipofika, Karani alilizunguka gari mara kadhaa akiwaza. Kisha akaliondoa kwenye matofali, akajaza upepo matairi, akaketi nyuma ya usukani na kufunga mkanda. Springi aliiweka kwenye kiti cha pembeni, ndani ya boksi lake. Hakuona haraka ya kuifunga.

Dobi aliweka viganja nyuma, kwenye buti la gari, akasukuma.

Waliteremka mtaa kwa mluzi mrefu. Jirani aliyekuwa akifagia alipunga ufagio. "Hongereni! Kumbe limepona!"

"Nilisema mimi!" Karani alimjibu, kisha akapaza sauti kuelekea nyuma: "Unaona, mama? Si nilikuahidi utakwenda kazini na gari?"

Kwenye kilima alipiga honi, mkewe aongeze mwendo.

Mbele ya geti la hospitali gari lilisimama. Dobi alijifuta mikono kwenye gauni, akaelekea getini. Karani alitoa kichwa dirishani.

"Mbona umeshusha gia? Mahakama bado iko mbele."

Dobi alilitazama geti, akamtazama mumewe. Kisha akarudi, akaweka viganja kwenye buti.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Karani alifika kazini mapema. Mashauri yote yaliitwa kwa wakati wake, na yote yakaahirishwa.