Simu Iliyolia Ndani ya Droo ya Kivuli

Usinipe kisogo, nakujua. Ujumbe wa ofisi ya mikopo ukiingia kwenye simu yako, unaufuta kabla hujaumaliza. Ukipewa hati ya mshahara, unatazama mstari wa chini tu, ule wa kilichobaki, unaikunja, unaitia mfukoni. Mwenzako akianza kulalamika kwamba deni lake la chuo halipungui, unakumbuka ghafla kuna mtu anakusubiri mahali. Na kama deni lako wewe limepungua kuliko ulivyolipa, hapo ndiyo kabisa, umetulia kama maji ya mtungi. Leo utanisikiliza. Yaliyompata mdogo wangu yanakuhusu, na inawezekana yamepitia mkononi mwako.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Chuo sikukijua ila geti lake, na geti lenyewe nililitengeneza mimi. Aliyesoma ni mdogo wangu wa kike. Ni mkunga katika hospitali kubwa, na miaka yote hii amefanya kazi kwa mkataba wa kuongezwa kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi. Mwaka huu hospitali ikatangaza ajira za kudumu. Muuguzi mkuu akamvuta kando.

"Jina lako limo, tena juu kabisa. Niletee barua ya ofisi ya mikopo kwamba hudaiwi malimbikizo. Ijumaa nafunga orodha. Usipoileta, mkataba wako unaisha mwezi huu na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Malimbikizo gani? Alikuwa analipa kila mwezi, hata mwezi aliojifungua, hata mwezi ambao paa lilivuja wakawa wanakula na kulala katikati ya ndoo. Jumatatu akapiga sare pasi, akaenda ofisini. Alipofika karakana kwangu alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mpita njia.

"Kaka, wanasema sijalipa."

"Mwezi gani?"

"Tangu mwaka jana. Hawaoni kitu. Na adhabu wameipandisha juu yake."

Nikazima mashine, nikavua miwani. Mimi nina ugonjwa mmoja, sisahau. Nikamuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari.

"Hizo pesa anazituma nani?"

Akaanza kukunja upindo wa sare yake.

"Si nakuuliza wewe?"

"Mume wangu. Zamu zangu si unazijua? Namwachia, anatuma kwa simu yake."

Shemeji yangu ni kinyozi. Mtu wa maskhara, viatu vinang'aa kuliko kipato chake. Na mwaka jana huo huo alinunua kiti kipya cha kunyolea, kile cha kupanda na kushuka. Nakumbuka siku kilipoletwa. Nakumbuka nilimuuliza amekipata wapi, akasema, "Kwa nywele za watu, shemeji." Siku ile nilicheka. Safari hii nilifunga karakana, tukaongozana hadi kwake.

Tulimkuta na mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa na nusu bado.

"Shemeji, pesa za mkopo wa mkeo unazipeleka wapi?"

Akanitazama kupitia kioo. "Kwenye mkopo. Ulitaka nizipeleke wapi, mwezini?"

"Na kiti hiki?"

"Kiti kimekukosea nini?"

"Kilinunuliwa kwa pesa gani?"

"Jamani," mteja akasema, "nimalizieni huu upande kwanza, halafu mpigane vizuri."

Shemeji akaweka mashine chini. Akatoa simu, akamkabidhi mkewe. "Soma, mama watoto. Soma kwa sauti kakako asikie, na huyu bwana awe shahidi."

Akasoma. Kila mwezi kulikuwa na ujumbe, kiasi, na namba ya mkopo wake. Hakuna mwezi uliorukwa. Lakini mimi nimedanganywa na wenye mihuri na wenye tai, sikushindwa kumtilia shaka mwenye simu. Nikasema ujumbe hata mimi naweza kuuandika. Basi hapo nikaona kitu ambacho nisingependa kukiona tena. Mdogo wangu aliinua macho kwenye simu, akakiangalia kile kiti.

Shemeji naye aliona. Maskhara yakamtoka usoni.

"Kesho nafunga hapa," akasema. "Tunakwenda wote watatu. Nikionekana mwizi, hiki kiti kichukue ukakichomelee geti."

Ofisi ya mikopo ina mabenchi yaliyofungwa kwa nati sakafuni, kana kwamba mtu atayaiba. Unaongea na karani kupitia matundu kwenye kioo, umeinama, mpaka shingo inakufundisha adabu. Karani wetu alikuwa binti mwenye miwani mikubwa. Akaandika namba ya mkopo, akatafuna kalamu.

"Malipo yameingia yote," akasema.

Shemeji akanigeukia taratibu, kama mlango mzito.

"Ila hayakukaa kwenye deni lako," karani akaendelea. "Mwaka jana uliomba malipo yako yawe yanamlipia mkopaji mwingine."

"Mimi?" mkunga akasema. "Nimlipie nani?"

"Siwezi kukutajia. Ni siri ya mteja."

"Mteja si mimi?"

"Wewe ni mteja mwingine."

Akatueleza. Kuna utaratibu kwamba ukitaka kumsaidia ndugu yako, unaelekeza malipo yako kwenye deni lake. Ofisi inatuma namba ya siri kwenye simu yako, ukiitaja umekubali. Na mdogo wangu, kwa mujibu wa kompyuta, alikubali.

"Basi sasa sikubali," mkunga akasema. "Usimamishe."

"Sawa. Nakutumia namba ya siri, nitajie, nasimamisha."

Akabonyeza. Mkunga akaweka simu yake juu ya meza, kioo juu. Shemeji akatoa ya kwake akailaza pembeni yake. "Isije ikalia mfukoni, ukasema nimeificha," akaniambia. Tukazitazama zile simu mbili kama watu wanaosubiri maji yachemke. Hakuna iliyolia.

"Imeshakwenda," karani akasema.

"Imekwenda wapi?"

"Kwenye namba uliyojiandikisha nayo." Akaanza kuisoma. Hakuimaliza, mdogo wangu alikuwa tayari ameshika mdomo.

"Kaka. Hiyo ni namba ya Kivuli."

Kama ulisoma chuo kile, umeshtuka hapo ulipo. Kwa ambao hawakusoma: Kivuli ni mzee wa duka la fotokopi mbele ya geti la chuo. Nakala yeye huiita kivuli, nasi tukamwita hivyo. Enzi zile maombi ya mkopo yalijazwa kwenye kompyuta, na wanafunzi wengi hawakuwa na simu ya maana, wengine hawakuwa na simu kabisa. Kivuli alikujazia. Ikifika sehemu ya namba ya simu alikuwa anasema, "Niweke yangu, mwanangu? Yako itapotea, mimi sihami." Nawe ukasema weka tu. Kesho yake unakuja dirishani: Kivuli, nimepata? Anakusomea, unaruka kwa furaha. Mwaka baada ya mwaka, darasa baada ya darasa, watu wote namba moja. Tuliita wema. Namba yenyewe ipo juu ya mlango wake hadi leo, tarakimu za bati. Nilizikata mimi nilipomtengenezea nondo za dirisha.

"Hukuibadilisha?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nani angenikumbusha? Deni lilikuwa linalipwa." Akamgeukia karani. "Ibadilishe sasa hivi, weka hii yangu."

"Naweza. Ila kubadilisha namba, mfumo unataka namba ya siri."

"Inayotumwa wapi?"

Karani akatazama vidole vyake. Shemeji akacheka peke yake, kicheko kikavu. "Yaani tunamwomba mwizi funguo ili tumfungie mlango."

Tukapanga. Shemeji abaki dirishani. Mimi na mkunga twende kwa Kivuli, ni kukatiza mitaa miwili tu. Mkunga akimpigia mumewe na kukata, yeye amwambie karani atume tena.

Kivuli ameota mvi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alifurahi kutuona, au alijua kufurahi.

"Mkunga wangu! Na fundi wangu! Leo nikutoleeni kivuli cha nini?"

"Kitambulisho, mzee. Pande zote mbili."

Akawasha mashine. Mwanga wa kijani ukapita chini ya kifuniko. Mkunga akaingiza mkono kwenye mkoba, akapiga, akakata. Mashine ikatema karatasi, ikanyamaza. Kivuli akapanga nakala, akazigonga kwenye meza zikae sawa, akaniuliza habari za karakana. Nikamwambia nzuri.

Ndani ya droo, chini ya sanduku la pesa, kitu kikaanza kutetemeka. Kalamu za humo zikagongana, kisha mlio, mfupi na mkali.

Kivuli hakuitazama droo. Hapo ndipo nilipomshika. Simu ikilia mtu hugeuza macho, hata kama si yake. Asiyegeuka anajua ni nini.

"Pokea, mzee," nikasema.

"Matangazo tu hayo."

Zile nondo niliacha nafasi chini, ya kupitishia karatasi. Mdogo wangu kazi yake ni kutoa visivyotaka kutoka. Mkono ukapita, ukavuta droo, ukatoka na simu ya zamani iliyofungwa kwa mpira. Namba ya siri ilikuwa kwenye kioo. Chini yake ujumbe mwingine wa namna ile ile, wa mkopo mwingine, na mwingine chini yake, na mwingine. Akampigia mumewe, akamtajia, karani akasimamisha. Wakatuma ya pili, nayo ikalia mkononi mwetu, wakabadilisha namba.

Kivuli alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Nani aliwapokea mlipokuja na vumbi la safari?" akasema. "Nani aliwajazia fomu na hamkujua hata kuwasha kompyuta? Mimi. Wengine hata hawakunilipa."

"Namba hizi unampa nani?"

"Kuna mtu wa kule ofisini. Anapiga, anauliza iliyoingia, namtajia. Ananitumia kidogo cha sabuni."

"Mtu gani?"

"Sauti tu. Jina sijaliuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na wewe hukuniuliza pesa nimetoa wapi ulipokuwa unanichomelea nondo, fundi. Hapa haulizi mtu."

Simu hatukuirudisha. Nilimwambia aite polisi, niko tayari kumsindikiza. Hakuita.

Tuliporudi ofisini shemeji alikuwa na habari mbaya. Kilichohama hakirudi, maana kompyuta inasema mwenyewe alikubali. Malimbikizo yako pale pale, barua hakuna. Kisha karani akainama karibu na matundu, akanong'ona. Akija mtu mmoja, ofisi inaandika "uzembe wa mteja", yamekwisha. Wakija wengi siku moja, wote walioandikishwa kwa namba ile, mkubwa analazimika kufungua uchunguzi, na kila mmoja anapewa barua siku hiyo hiyo kwamba akaunti yake inachunguzwa na hahesabiwi kuwa na malimbikizo. Muuguzi mkuu tumemuuliza kwa simu. Barua hiyo ataipokea, ikifika kabla ya Ijumaa.

Kwa nini alinong'ona, sijui. Labda ana roho nzuri. Labda sauti anayoijua Kivuli inakaa meza ya pili kutoka kwake, au ni yake mwenyewe na anatutaka sote tusimame mahali pamoja atuone sura. Maana haiingii akilini. Kompyuta inayojua kukuongezea adhabu hadi senti ya mwisho haikuwahi kushangaa watu wa chuo kizima wana simu moja? Iliona. Kuna mtu aliona, akaketi, akaanza kupiga simu, na unafuu huo wa madeni sidhani anaugawa bure.

Shemeji sasa ananiita Mkaguzi. Nikipita anakipangusa kiti: "Karibu, Mkaguzi, kagua na soketi." Nacheka kwa kuwa ni haki yake. Lakini jinsi mkewe alivyokiangalia kile kiti, hilo halifanyii utani, na mkewe hapitii tena pale akitoka zamu. Haya nayo sitayasahau, na mwenye ile sauti nimemwandika kichwani.

Leo ni Jumatano, jioni inaingia. Simu ya Kivuli iko hapa mezani kwangu, mkunga amelaza kichwa karibu nayo. Imelia tena nikiandika sentensi hii. Ujumbe hauna jina, una namba ya mkopo tu, kwa hiyo siwezi kukufuata nyumbani. Ni lazima uje mwenyewe. Ulisimama dirishani kwa Kivuli ukasema weka tu yako? Huo mlio ni wako. Ulisimama dirisha jingine, kwa Kivuli mwingine? Na wewe nenda kaulize namba iliyoandikwa kwenye akaunti yako, wakusomee hadi tarakimu ya mwisho. Na wewe ambaye deni limeshuka bila kutoa jasho, ukashukuru ukazima simu, ndiye ninayekutaka mbele kabisa, kwa sababu umelipiwa na mwanamke anayezalisha wake za watu usiku kucha na Ijumaa atakosa kazi.

Kesho Alhamisi, ofisi ikifungua mlango. Kitambulisho mkononi. Usiseme utaona, usiseme wengine watatosha. Inuka sasa, mpigie mliyesoma naye, mwambie naye ampigie wake, na asubuhi msimame nasi pale kwenye kioo.