Swichi ya Arobaini na Moja

Swichi arobaini, vile visanduku vinavyogawa mtandao, zilikuwa zimeshatii kabla ya saa nne asubuhi. Chapuchapu, binti fundi wa mtandao pale hospitalini, alizirekebisha moja moja bila kunyanyuka kitini. Alifuta neno la siri lililotoka nazo kiwandani, neno ambalo hata paka wa jikoni alikuwa akilijua, akaweka jipya, kisha akaielekeza kila swichi kwenye kompyuta mpya ya uangalizi inayozijulia hali zote. Ilibaki moja, na hiyo moja ndiyo iliyomsumbua. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha siku hiyohiyo. Bosi alishasema: saa saba mchana ataangalia skrini ya ukutani, na akiona taa arobaini na moja za kijani atatia saini ajira yake. Ikipungua hata moja, kila la heri.

Swichi hiyo ilikuwa hai, lakini ilikubali kubadilishwa na mtu aliyesimama mbele yake tu, waya mkononi. Na iko wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Kila swichi ina nafasi ya kuandika mahali ilipo, na fundi mwenye akili timamu huandika namba ya chumba. Babu Waya, fundi aliyemtangulia na kustaafu mwaka uliopita, aliandika alivyojisikia. Moja aliiandikia “Juu ya kichwa cha mhasibu”, nyingine “Pale panapovuja”. Hii ya mwisho ilisema: “Kwa mke wangu.”

Chapuchapu alimpigia simu mara sita, ikaita mpaka ikachoka. Bosi naye alisema hajui kama mzee yule aliwahi hata kuoa. Miaka yote hiyo hakumsikia akitaja mke. Binti wa watu akaanza kuufuata waya kwa miguu, kutoka dari hadi dari, wodi hadi stoo, jasho likimtoka, akimsema mzee kimoyomoyo maneno yasiyoandikika. Saa sita na nusu waya ukamfikisha kwenye chumba cha kushonea mashuka.

Mama Sindano, mshonaji wa hospitali, alikuwa kwenye cherehani. Alimsikiliza akiulizia swichi, kisha akaelekeza mkasi juu ya rafu. Swichi ilikuwa pale, imevalishwa koti la kitambaa cha maua, limekatwa kwa kipimo, na matundu ya kupumulia yamezungushiwa uzi vizuri. Mumewe ndiye aliyemwomba alishone, alisema, vumbi la nyuzi lisiiue.

“Kumbe Babu Waya ni mumeo, mama?”

“Mwaka wa thelathini na moja huu. Usishangae, mwanangu. Hata nyumbani ananiita ‘wewe’. Kunitaja mbele ya watu anaona haya.” Alicheka, lakini akaongeza kwamba angependa limtoke mdomoni, hata mara moja tu.

Chapuchapu alichomeka waya, akaweka neno jipya. Alipofika kwenye nafasi ya mahali, kidole kikasita. Akaigeuza kompyuta yake upande wa mama. Mama Sindano akavaa miwani, akasoma, akasoma tena.

“Aliandika lini?”

“Miaka kumi na moja iliyopita. Na kompyuta ya zamani ya uangalizi huiuliza kila dakika tano iko wapi. Jibu lake ni hilohilo, mama, tangu siku hiyo.”

Mama Sindano akainama kutafuta sindano ambayo hakuiangusha. Huko chini akauliza kama maneno hayo lazima yafutwe. Chapuchapu alijua amri: namba ya chumba, basi. Lakini nafasi ilikuwa kubwa. Akaandika: “Chumba 14. Kwa mke wangu.”

Dakika mbili kabla ya saa saba bosi akapiga simu. Taa zote za kijani, sawa, lakini huyu mke ni wa nani? Alipoelezwa alicheka mpaka akapaliwa, akasema yabaki hivyohivyo, na aje upesi kuchukua barua yake ya ajira. Chapuchapu alirukaruka kati ya mashuka.

Simu ikaita tena. Mikono ilikuwa inafunga koti la swichi, akafungua spika. Alikuwa Babu Waya, anahema, ndiyo kwanza katoka shambani.

“Binti, nimeona umenipigia mara sita. Kuna nini? Mke wangu ni mzima?”

Mama Sindano akanyanyuka, akaichukua ile simu kwa mikono miwili.

“Mzima,” alisema. “Hebu sema tena.”