Kopo la Mzee Kimeu

Mzee Kimeu hakuwa mtu wa kukaa. Alichonga vinyago Mombasa, akaoka mikate Nakuru, akalinda geti mtaani Baba Dogo, na kote alizunguka na kopo la baking soda mfukoni mwa koti. Sasa alikuwa kwa bintiye Kanyiva, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, siku ya nne, na nyayo zilikuwa zishaanza kumwasha.

Basi akasugua. Vikombe vyenye doa la chai viling'aa. Viatu vilivyonuka vilinyunyiziwa, asubuhi harufu haipo. Lakini sinki iliyoziba ilitoa povu tu, ikabaki imeziba vilevile, hadi Kanyiva alipoingiza waya akavuta donge la mafuta na nywele. Na sufuria yake mpya ya alumini, mzee aliichemshia soda kuondoa ukoko, ikawa nyeusi ndani.

"Baba, hii ni sufuria ama tairi?"

"Imekomaa. Wewe pika."

Maji hayapandi hadi huko juu. Jumamosi asubuhi mzee alishuka na mtungi kabla ya chai. Kurudi, ghorofa ya tatu, kifua kikamuunguza mpaka taya likakaza. Akasimama, kikapoa. Alipofika ndani alikoroga kijiko cha soda kwenye glasi, akanywa, akacheua.

Kanyiva alikuwa amelishika kopo, analitikisa.

"Jumatano lilikuwa limejaa. Umesugua nini tena?"

"Kiungulia kidogo tu."

"Kinakuja ukishakula?"

"Nikipanda ngazi."

"Na kinaisha ukinywa hii?"

Mzee akatazama dirishani. "Kinaisha nikisimama."

Kanyiva akaacha mzaha. "Hilo si tumbo, Baba. Huo ni moyo. Twende hospitali."

"Kesho naenda zangu Wamunyu. Kule hakuna ngazi." Akaanza kufunga kamba za viatu. Alishaona wanaume wakiingia hospitali kwa miguu yao, wakaambiwa walale. Kulala ndiko alikokuogopa.

"Unaniitaga nani?" Kanyiva akauliza.

Mzee akaziachia kamba. Alimpa bintiye jina la mama aliyemzaa yeye mwenyewe, na tangu akiwa mtoto wa mgongoni hajawahi kumwita kwa jina. Humwita Mwaitu, yaani mama. Na mama yake huyo, alipokuwa hai, mzee hakumbishia hata siku moja.

"Mwaitu," akasema polepole.

"Basi Mwaitu amesema. Acha koti, nitalibeba mimi."

Wakashuka. Ghorofa ya tano mzee akaketi kwenye ngazi bila kuambiwa. Ya nne, akaketi tena. Kanyiva akakaa kando yake, koti magotini, kopo mfukoni mwake likigonga ukuta.

"Ile sufuria," mzee akasema akivuta pumzi, "ichemshie ndimu. Soda haiwezi."

"Utaichemsha mwenyewe ukirudi."

Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono ili ainuliwe.